Bahasha ya Pesa za Wafu

Salim na Shamsa,

Nyinyi mlioshika kazi yangu mmeniomba nikuandikieni mambo yake kabla sijayasahau. Muda ninao. Tangu nilipostaafu, baada ya Idi, kila siku nnaamka alfajiri, nnasali, nnavaa dishdasha iliyopigwa pasi, nnatia kalamu mfukoni, kisha nnakaa sebuleni kwangu Ghubra, hapa Maskati, kama mtu aliyeambiwa asubiri nje ya ofisi wakamsahau. Mke wangu Rahma ananitazama tu. Wiki iliyopita aliniambia, "Nenda hata dukani, Nasor, kachukue namba ukae foleni. Utajisikia vizuri."

Mambo ya vyeo sitokuandikieni. Mandubu hana cheo. Ni mtu wa kutumwa: kampuni inamtuma kwa serikali, serikali inamrudisha kwa kampuni, na katika safari hizo za kwenda na kurudi ndimo wafanyakazi wanamopata viza, bataka, yaani kadi za ukaazi, ruhusa za kusafiri, na wakifa, ruhusa za kuzikwa. Kazi hiyo nimeifanya tangu ndevu zangu nyeusi. Nitakuelezeni siku yangu ya kwanza, halafu nitakuelezeni kesi moja. Zilikuwepo nyingi, lakini hiyo ndiyo ninayoamka nayo.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Maalim Hilali, mzee wa Kizanzibari kama sisi, aliyekuwa akisomesha Unguja kabla hajawa mandubu Maskati. Alinipa mkoba mweusi wenye zipu. Ndani mlikuwa na gundi, kidau cha wino wa muhuri, mashine ya pini, kalamu mbili na pakiti ya peremende za mnanaa.

"Kalamu bluu," alisema. "Ukitia saini kwa nyeusi watakwambia hiyo kopi."

"Na peremende, Maalim? Za kuwapa makarani?"

"Astaghafirullah! Za koo lako. Utazungumza mpaka likauke na hapana atakayekupa maji."

Siku ileile alinifundisha kusoma jina. Jina kwenye pasi ya kusafiria, alisema, lisome herufi moja moja, na anza mwisho uende mwanzo, kwa sababu ukianza mwanzo jicho linaona linachokitaka. Asubuhi hiyo alirudisha faili zima la mafundi ishirini kwa sababu ya herufi moja katika jina la mwashi wa Kihindi. Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

"Huyu atafiwa na baba yake," aliniambia, "atakwenda uwanja wa ndege analia, na herufi hii itamrudisha."

Nikajifunza. Baada ya miaka nikawa hodari kuliko yeye. Sisemi kwa majivuno. Uhodari huo ndio ulioniponza.

Nyinyi mmekuja wakati kila muamala unamalizwa kwenye simu, na kosa la jina linaonyeshwa kwa rangi nyekundu. Sisi rangi nyekundu ilikuwa usoni mwa karani.

Miaka yangu ya mwisho kabla ya kuja ofisini kwenu nilikuwa na kampuni ya Wachina iliyotengeneza matangi na mabomba, karakana yake mtaa wa Ghala, bohari yake Rusayl. Wafanyakazi walilala nyuma ya karakana, kwenye vyumba vya bati vyenye viyoyozi vinavyotoa maji kama bomba bovu. Ofisini tulikuwa wachache. Alikuwepo Grace, binti wa Uganda aliyepika chai na kusafisha, tukisemeshana Kiswahili, changu cha Unguja na chake cha kujiokotea Kampala. Na stoo alikuwepo Bwana Liu, mzee mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi, aliyekijua Kiarabu cha kambini: maneno mia hivi, vitenzi vyote vya jana na kesho vimo katika neno moja. Jina langu alilitamka Nasa. Tulielewana.

Liu ndiye aliyenifundisha kuyatazama majina yao. Kwenye pasi ya Mchina jina lipo kwa herufi zetu na lipo kwa maandishi yao. Herufi zetu hazitoshi. Watu kumi wanaweza kuandikwa sawasawa na maandishi yao yakawa mbalimbali. Sikujua kuyasoma, lakini nilijua kuyalinganisha, kama unavyojua kuwa huyu si yule ingawa wote wana masharubu.

Mwaka wangu wa kwanza pale niliitwa bandarini. Kwenye shehena ya chakula cha kambi, baina ya tambi na maharage, ilifunguliwa katoni, na ndani yake noti. Mafungu na mafungu. Noti mpya, kubwa kuliko za kawaida, zina picha ya mfalme mwenye ndevu ndefu, na sifuri hazina mwisho. Afisa kijana aliyekuwa zamu alikwisha kaa kitako.

"Hii sarafu ya nchi gani?" aliniuliza.

Nikamgeukia Liu. Liu akasema, "Pesa ya watu wamekufa."

"Imetolewa na benki ipi?"

Liu akaonyesha chini, kwenye sakafu. Tulimfahamu wote wawili. Yule afisa akakuna kichwa, akaniuliza taratibu, "Na ofisi zao ziko wapi, tukitaka kuhakikisha?"

Nilimwambia mimi bado sijafika huko. Akacheka, alhamdulillahi. Nikaandika barua kwamba hizo ni karatasi za ibada, hazina thamani, hazitaingia sokoni, na mimi ndiye dhamana. Niliweka muhuri wa kampuni. Katoni ikaenda kambini juu ya gunia la mchele.

Mwezi wa nne, siku yao ya kusafisha makaburi, niliwaona wakizichoma. Makaburi yao yako kwao, kwa hivyo walisafisha uwanja wa karakana badala yake. Waliweka nusu ya pipa la chuma lililotobolewa chini, wakapanga machungwa na wali, kisha kila mmoja akaja na bahasha kubwa ya karatasi ya kahawia aliyoijaza noti zile. Mimi Muislamu, nnajua kinachomfuata mtu kaburini. Nilisimama mbali, kwenye kivuli cha kreni. Lakini kitu kimoja kilinivuta. Kila bahasha ilikuwa na maandishi kwa nje, na Liu alikuwa akizikagua moja moja kabla hazijatiwa motoni, kidole juu ya maandishi, kama Maalim Hilali.

"Unasoma nini?" nilimuuliza.

"Jina la aliyekufa. Kijiji chake. Na nani ameleta."

"Na ukikosea jina?"

"Anachukua mwengine," alisema Liu. "Kule wengi hawana mtu."

Basi kazi yetu moja, niliwaza. Tokea siku hiyo tukawa marafiki.

Miongoni mwa wale waliochoma alikuwepo fundi wa kuchomelea chuma, jina lake Sun. Pasi yake ilimwita hivyo na wenziwe walimwita hivyo. Mtu mnene, kimya, mvi nyingi kwa umri ulioandikwa kwenye pasi, lakini joto la Ghala linazeesha. Geti la nyumba yangu lilipokatika bawaba, alikuja Ghubra Ijumaa moja na mashine yake, akalitengeneza, akakataa malipo. Rahma akampakulia wali wa nazi na mchuzi wa papa. Akala sahani tatu. Baadaye akatoa simu akatuonyesha mwanamke mzee amekaa juu ya kigoda mbele ya nyumba ya matofali, na akasema neno moja la Kiarabu alilolijua: "Mama." Rahma akaleta albamu akamuonyesha mama yake yeye, aliyezikwa Unguja. Wakakaa hivyo, huyu anafunua, yule anatikisa kichwa. Hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja.

Sun alikufa siku ya kazi, mchana, baada ya chakula. Alikaa chini akaegemea tangi alilokuwa akilichomelea, kivulini, na wenziwe walidhani amesinzia. Daktari alisema moyo. Nilikwenda hospitali mwenyewe kuandikisha, nikamuona. Uso wake ulikuwa na doa jeupe mahali pa miwani ya kazi.

Mandubu anajua la kufanya. Ripoti ya polisi, cheti cha hospitali, barua ya kampuni, barua ya ubalozi, ruhusa ya kusafirisha, jeneza, shirika la ndege. Nililikimbiza faili lile kama sijapata kulikimbiza jengine. Kwa siku sita nikawa nimemaliza yote ila sahihi moja: orodha ya vitu vya marehemu, ambayo lazima shahidi aliyekuwa karibu naye aitie saini. Shahidi ni Liu. Tiketi ya maiti ilikwisha kupatikana.

Siku ya saba nikaenda kambini asubuhi na karatasi mkononi. Nikawakuta nyuma ya karakana na lile pipa. Siku ya saba baada ya kifo ni kubwa kwao. Wanasema ndiyo siku marehemu anapata kujua kuwa amekufa. Liu alikuwa amechuchumaa, bahasha magotini, brashi mkononi, wino haujakauka. Nikainama nimsalimie.

Salim, Shamsa, laiti ningesimama wima. Laiti ningesema, "Pole, Liu, tia saini hapa," nikaenda zangu.

Jina lile lilikuwa na herufi tatu za Kichina. Na mimi mkononi nilikuwa na kopi ya pasi, ina herufi tatu. Jicho langu likaenda lenyewe, kutoka mwisho kwenda mwanzo. Ya tatu, siyo. Ya pili, siyo. Ya kwanza ndiyo hiyohiyo, Sun.

"Liu," nikasema, "umekosea."

Akatazama. Akatazama tena kopi yangu.

"Sijakosea," alisema.

Tulikaa stoo, mlango umefungwa. Akanieleza. Pasi ilikuwa ya mtoto wa baba mdogo wa Sun, wa ukoo mmoja, sura moja, mdogo wake kwa miaka mingi. Sun mwenyewe umri wa kuajiriwa ulikwisha mpita; hapana kampuni ambayo ingemchukua kwa kazi ya nje. Wakakubaliana wote kijijini. Mdogo akabaki kwao na jina lisilotumika, mkubwa akaja Maskati na jina lisilo lake.

"Mpeleke tu," Liu aliniomba. "Karatasi zako na jina la pasi, mpeleke. Kule watu wanajua nani. Mama anajua nani. Sisi tutatengeneza."

"Na yule aliye hai? Nikimpeleka huyu kwa jina lake, yeye amekufa. Hatopata hata dawa hospitali."

"Yeye amekubali."

"Na huyu, kaburini kwake wataandika nini?"

Liu akainua bahasha. "Hili."

Nikamwambia anipe siku moja.

Nyumbani sikula. Rahma akanibembeleza mpaka nikamwambia.

"Mwache ende kwao, Nasor," alisema.

"Nnatia saini kuwa huyu ni fulani, nami nnajua siye. Ni ushahidi wa uongo, Rahma. Juu ya maiti."

"Uliambiwa na nani uchungulie?"

"Nimeshaona. Na jina je? Mtu azikwe kwa jina la mtu mwengine?"

"Jina mama yake analijua. Mwache ende kwa mama yake."

Sikumsikiliza. Nilikuwa na miaka thelathini ya kuamini kwamba karatasi iliyo sahihi haimdhuru mtu. Nilijiambia: nitasema ukweli, watatoa cheti kipya kwa jina lake la haki, itachukua wiki mbili, tatu ikizidi, na marehemu atasafiri kama yeye mwenyewe. Nilijiona nnamtendea wema. Pengine pia niliogopa kwa ajili yangu. Hilo nimekuja kulikiri baadaye. Asubuhi nikaandika barua kwa kalamu yangu ya bluu. "Imetudhihirikia kwamba..." Ilikuwa barua nzuri. Haina kosa hata moja.

Faili likasimama siku hiyohiyo.

Sitomlaumu mtu ofisini. Kila mmoja alifanya kazi yake. Jina la pasi halikuweza kutumika tena kwa sababu mwenyewe yu hai. Jina jengine halikuweza kutumika kwa sababu hapana karatasi hata moja iliyomuonyesha mtu huyo akiingia nchi hii. Polepole akawa mtu aliyekufa Oman bila ya kuwahi kuja Oman. Kilichobaki ni kipimo cha vinasaba: mama yake apimwe kwao, walinganishe. Nikaandika, nikafuatilia, nikapiga simu. Jibu likaja kwa kupitia mkalimani: mama amekataa.

Nilikasirika. Nikamwendea Liu stoo. "Kwa nini amekataa? Hamtaki mwanawe?"

Liu alivua miwani. "Mama akitoa mate, serikali inajua kijana alitoa pasi yake. Sasa hivi wanamuuliza kila siku. Mama mtoto mmoja tu, amekufa. Huyu kijana ndiye anamletea maji, anamletea kuni. Mama anachagua nani? Wewe sema, Nasa. Anachagua nani?"

Nilirudi ofisini, Grace akaniletea chai, akasimama badala ya kuondoka.

"Mzee Nasor, yule Mchina bado yuko kwa friji?"

"Bado."

"Mimi nikikufia hapa," alisema, "tafadhali usisome pasi yangu sana. Nipeleke tu."

Hakuwa akitania. Wala mimi sikuthubutu kumuuliza alikuwa na maana gani.

Nilikuwa nikienda hospitali kila mwezi kutia saini ya kuendelea kumhifadhi. Joto likaondoka, ikaja baridi, watu wakavaa sweta asubuhi, joto likarudi. Yule mtunza chumba cha maiti alinizoea, akawa ananiuliza khabari za watoto.

Kampuni nayo ikachunguza. Meneja aliitaka orodha ya nani alijua. Barua yangu ilikwisha mtaja Liu kuwa ndiye chanzo cha maelezo. Nilimtaja kwa ukamilifu, namba ya bataka na kila kitu, maana ndivyo barua inavyoandikwa. Wakamvunjia mkataba. Na aliyekamilisha muamala wa kumrudisha kwao ni nani? Mandubu.

Nilimpeleka uwanja wa ndege kwa gari yangu. Mlangoni nikataka kumuomba msamaha, nikakosa maneno ndani ya yale mia ya kambini. Yeye akaniwahi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Nasa, wewe mtu mzuri," alisema. "Karatasi zako nzuri."

Akaingia ndani. Wallahi, laiti angenitukana.

Mwisho ikatoka amri ya kuzika hapahapa, kwenye makaburi ya wasio Waislamu. Kwenye ruhusa ya mazishi, pale pa jina, iliandikwa: mwanamume, jina halikuthibitika. Niliisoma mara tatu nikitafuta kosa la kuirudishia. Halikuwepo.

Wachina wenziwe hawakuja. Walikuwa wamehamishiwa Rusayl, na baada ya yaliyompata Liu hapana aliyetaka kuonekana anamjua marehemu. Tulikuwa mimi, dereva, wachimbaji wawili, na Grace aliyeomba ruhusa ya saa mbili. Nilikuwa nimefungua kabati la Liu stoo nikakuta noti zilizobaki, mafungu manne, nikazitia ndani ya mfuko nikaja nazo. Sijui nilitaka nini. Mlinzi wa makaburi aliuona mfuko akasema hapa hapana ruhusa ya moto.

Grace akaninong'oneza, "Nje ya ukuta je? Mimi naweza kuwasha, Mzee. Wewe simama mbali."

"Na utaandika jina gani?" nikamuuliza.

"Si unalijua?"

Nilikuwa nikilijua kwa sura tu. Nilikuwa nimeliona mara moja, likiwa na wino mbichi, kwenye bahasha iliyoungua asubuhi ileile. Jicho langu lililoweza kukamata kosa katika pasi mia halikuweza kuzirudisha herufi mbili. Nikatikisa kichwa. Grace akasoma sala yake ya Kikristo kwa Kiluganda, sauti ya chini, kwa mtu asiyekuwa wa dini yake wala yangu, na mchanga ukatiwa. Kichwani wakachomeka kibati chenye namba. Tuliporudi Ghala nilisimamisha gari kando ya pipa la takataka la manispaa, nikautupa mfuko. Juu yake palikuwa na maganda ya matikiti.

Baada ya miezi nikapata ujumbe kwenye simu. Ni Liu, kwa Kiarabu cha mashine ya kutafsiri: "Mama wa Sun anauliza mtoto anakaa wapi. Anataka kuandika juu ya bahasha."

Nilifurahi, wanangu. Nilifurahi kama mtu aliyepewa nafasi ya pili. Nikaenda makaburini kuchukua namba ya kile kibati. Mlinzi akaniambia safu ile imepangwa upya, vibati vimeng'olewa, vipya bado. Nikamuuliza anwani ya makaburi yenyewe. Akaniambia iko baada ya mzunguko, mkabala na ukuta mrefu. Nikakaa garini. Maskati mnaijua wenyewe; nyumba haipelekewi barua, anwani ya mtu ni sanduku lake la posta. Nikafikiri sana, kisha nikamtumia Liu anwani pekee niliyokuwa na hakika nayo, niliyoiandika kwenye barua elfu na elfu: sanduku la posta la kampuni, na msimbo wake, Maskati.

Mwezi wao wa makaburi ulipofika akaniletea picha. Yule bibi wa kigoda amechuchumaa kwenye njia panda, wanapowachomea wafu walio mbali, mbele yake duara limechorwa kwa chokaa, na mkononi bahasha. Niliikuza picha kwa vidole. Yalikuwepo maandishi yao, marefu. Chini yake namba ya sanduku letu, na jina la Maskati kwa herufi za Kizungu zilizochorwa na mtu asiyezijua, S yake imegeuka nyuma. Picha ya pili ilikuwa moshi tu.

Liu aliandika: "Mama amefurahi. Anasema sasa anajua pa kupeleka."

Rahma alipoiona aliitazama kwa muda mrefu, akanirudishia simu, akaenda jikoni.

Mwaka jana kampuni ilimaliza mkataba ikafunga. Karakana ya Ghala sasa wanapaka magari rangi. Grace alikwenda kwao. Muamala wangu wa mwisho kabla ya kuhamia ofisini kwenu ulikuwa kurudisha posta ufunguo wa sanduku.

Juzi nimepita posta, sina haja nako, miguu tu imenipeleka. Nikauliza. Sanduku lile limeshapewa watu wengine, wanauza viyoyozi. Nikajaribu kumpigia Liu nimwambie, namba haipatikani. Mwezi huu ndio mwezi wao wa makaburi. Yule bibi, kama bado yu hai, atakuwa ameshaiandika namba ile juu ya bahasha.